MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Waulizeni Wajomba Kabla ya Jando



Mtama ukiisha kupurwa na ufuta ukiisha kuuzwa, katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa huanza maneno ya jando. Wazee huketi wakahesabu watoto waliofikia umri, akina mama hutafuta unga na nguo mpya, na ngariba huitwa. Mwezi huu hatutaki kunena juu ya ngoma wala juu ya gharama, maana hayo yamekwisha kunenwa sana. Twataka kunena juu ya jambo moja ambalo husahauliwa, nalo laweza kumponya mtoto na mauti: kuuliza habari za wajomba zake kabla hajapelekwa kwenye kisu.

Watoto walio wengi hutokwa damu kidogo, kisha damu huganda na jeraha hupona. Lakini mara chache huonekana mtoto ambaye damu yake haikomi. Hufungwa kitambaa, damu ikapita. Huwekewa dawa ya majani, damu ikapita. Kesho yake yatoka tena, na kesho kutwa vilevile. Hapo ndipo maneno mabaya huanza kumbini na nyumbani. Mmoja asema mama amevunja mwiko. Mwingine asema baba hakutulia mtoto alipokuwa kumbini. Wa tatu asema ngariba ana mkono mbaya, au yuko mtu aliyemroga mtoto kwa kijicho. Mtoto akifa, maneno hayo hayazikwi pamoja naye. Ndoa huvunjika, na jamaa waliokula pamoja hawasemezani tena.

Nasi twasema kwa upole, lakini pasipo kusita: katika watoto hao wamo ambao hawakurogwa, wala hawakuponzwa na mwiko wa mtu. Walizaliwa na ugonjwa wa damu uitwao hemofilia. Mkumbuke jinsi Bwana wetu alivyomwona mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa, na wanafunzi wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake mwenyewe au ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Basi, sisi tulio wanafunzi wake tusiwe wepesi wa kuuliza swali lile lile alilolikataa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Katika damu ya kila mtu zimo protini nyingi zinazosaidiana kuigandisha, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Mmoja akikosekana katika mstari, ndoo hazifiki. Mwenye hemofilia ya aina A amepungukiwa na protini ile ambayo waganga huiita ya nane. Mwenye aina B amepungukiwa na ile ya tisa. Aina A humpata kama mtoto mwanamume mmoja katika 5,000 wanaozaliwa. Aina B ni haba zaidi. Mtoto wa namna hii haonyeshi neno anapozaliwa. Akianza kutambaa hupata vilio vya damu chini ya ngozi. Akitoka jino damu hukawia kukoma. Akikimbia na wenzake, goti au kiwiko huvimba kwa damu iliyovuja ndani. Wengine hawajulikani kabisa mpaka siku ya kisu.

Sasa, kwa nini tumesema waulizwe wajomba? Hapa twaomba mtuvumilie, maana jambo hili lina hesabu yake. Lakini ni hesabu nzuri, na mwalimu aweza kuwaonyesha watoto wa shule kwa nyuzi na shanga.

Katika karibu kila chembe hai ya mwili wa mtu zimo nyuzi 46 za urithi, ambazo wataalamu huziita kromosomu. Zimepangwa mbili mbili, jozi 23. Katika kila jozi uzi mmoja umetoka kwa baba na mmoja kwa mama. Fikirini kila uzi kuwa ni uzi wa shanga, na kila ushanga ni agizo moja la kuujenga mwili. Agizo hilo huitwa jeni. Katika jozi 22, mwanamume na mwanamke wako sawa. Katika jozi moja wametofautiana: mwanamke ana nyuzi mbili ndefu, ziitwazo X, mwanamume ana X moja, na pamoja nayo uzi mfupi wenye shanga chache, uitwao Y.

Mama hana cha kumpa mtoto ila X. Baba aweza kumpa X, naye mtoto atakuwa mwanamke. Au Y, naye mtoto atakuwa mwanamume. Kwa hiyo mume anayemtukana mkewe kwa sababu amezaa mabinti matupu ajue ya kuwa uzi wa kuchagua ulikuwa kwake yeye, wala hakuuchagua kwa akili yake. Tuyaache hayo kwa leo.

Shanga za kugandisha damu, ya nane na ya tisa, zote mbili ziko katika uzi wa X. Mwanamke akiwa na ushanga mbovu katika X moja, huwa na mzima katika X ya pili, nao kwa kawaida humtosha. Yeye ni mchukuzi: anao ugonjwa katika uzi wake, wala huenda asijue siku zote za maisha yake. (Wachukuzi wengine hutokwa damu nyingi wakati wa hedhi na wa kuzaa, wasikae kimya, wamwambie mkunga mapema.) Lakini mwanamume ana X moja tu. Ushanga wake ukiwa mbovu, hana mwingine wa kuusaidia, maana Y haina ushanga huo. Ndiyo sababu wagonjwa karibu wote ni wanaume, na ndiyo sababu wameupata kwa mama zao ambao hawaumwi.

Tuseme iko nyumba huko Ruangwa. Mama wa nyumba hiyo ana kaka yake, tumbo moja, aliyetokwa damu siku saba kumbini akapona kwa shida. Kaka huyo aliipata X yake mbovu kwa mama yao. Dada yake naye aweza kuwa ameipata, au aweza kuwa ameipata ile nzima. Ni kura ya nusu kwa nusu. Kama ni mchukuzi, kila mtoto mwanamume atakayemzaa ana nusu ya kuwa mgonjwa, na kila binti ana nusu ya kuwa mchukuzi. Tena kila mimba ni kura mpya. Watu wasiseme, ‘Wawili wamekufa, sasa watatu atasalimika’. Wala, ‘Mkubwa alipona, basi hata mdogo atapona.’ Kura haikumbuki kura iliyotangulia.

Hivyo ugonjwa huonekana kwa mjomba, hujificha kwa dada yake, kisha hutokea kwa mpwa. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba amekuwa na neno kubwa juu ya mpwa wake. Kwa hiyo nchi yetu ina watu wenye kujua habari hizi kuliko nchi nyingine: bibi mzaa mama, na wajomba. Wao wanakumbuka nani alitokwa damu kumbini, na nani alikufa kwa kung'olewa jino. Ila hawaulizwi.

Lakini angalieni, kwa maana hapa njia ya ukoo na njia ya ugonjwa huachana. Mwanamume mgonjwa akikua na kuoa, wanawe wanaume wote ni salama, kwa sababu aliwapa Y. Mabinti zake wote ni wachukuzi, kwa sababu hana X nyingine ya kuwapa. Mabinti hao kwa desturi ni watu wa ukoo wa mama yao, si wa ukoo wake. Nao wakiolewa, ugonjwa hutokea kwa watoto wao, katika ukoo ambao haujapata kuusikia. Basi haitoshi kuuliza wajomba peke yao. Ulizeni pia habari za babu mzaa mama.

Jambo hili lilionekana wazi katika nyumba ya wafalme. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mchukuzi. Mwanawe Leopold alikuwa mgonjwa, akafa mwaka 1884 baada ya kuanguka. Leopold alikuwa ameacha mimba ya mtoto mwanamume na binti aliyekwisha kuzaliwa. Mwana yule hakuwa na ugonjwa. Binti, jina lake Alice, hakuumwa. Lakini mwanawe Rupert alikuwa nao, akafa mwaka 1928 baada ya ajali ya motakaa. Babu, binti, mjukuu: ndiyo njia tuliyoieleza. Na kwa njia ya binti mwingine wa Victoria, ugonjwa ulifika mpaka Urusi kwa kijana Alexei, mwana wa mfalme, aliyezaliwa mwaka 1904. Mwaka 2009 wataalamu waliipima mifupa ya nyumba hiyo ya kifalme wakagundua ya kuwa ulikuwa hemofilia ya aina B. Dhahabu yote ya Urusi haikuweza kuugandisha ule mstari wa damu. Basi maskini wa kijiji asione haya kana kwamba ni aibu ya nyumba yake.

Liko swali jingine ambalo huulizwa na bibi zetu. Husema, ‘Mtoto huyu sura ni ya mjomba wake kabisa, hata mwendo, bila shaka amechukua na damu yake. Ndugu yake amefanana na baba. Yeye hana neno.’ Je, ni kweli? La, si kweli, na kosa hili ni la hatari. Kwanza, sura ya mtu imeandikwa katika nyuzi nyingi za zile jozi 23, wala si katika X peke yake. Pili, nyuzi zenyewe hazipiti nzima nzima kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto.

Tuzirudie shanga. Mama ana X mbili: moja aliyopewa na baba yake, tuseme ya shanga nyeupe, na moja aliyopewa na mama yake, ya shanga nyeusi. Kabla ya yai lake kuwa tayari, nyuzi hizo mbili hulala bega kwa bega, ushanga kwa ushanga. Kisha hukatika mahali pamoja, na vipande huunganishwa kwa kupishana. Uzi uliokuwa mweupe wote sasa ni mweupe juu na mweusi chini. Mwenzake ni mweusi juu na mweupe chini. Hesabu ya shanga haikupungua, ila mpango wake ni mpya. Mtoto hupewa uzi mmoja wa namna hiyo, ambao babu hakuwa nao wala bibi hakuwa nao. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani, na ndiyo maana Mungu hachoki kuumba mtu ambaye hajapata kuwako.

Mwaka 1910, huko New York, Thomas Hunt Morgan alipata inzi mdogo wa matunda mwenye macho meupe badala ya mekundu, akaona ya kuwa weupe ule wafuata X. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Alfred Sturtevant alitoa ramani ya kwanza ya jeni katika uzi. Akili yake ilikuwa hivi: shanga mbili zikikaa karibu, kisu hakipati nafasi kati yao, nazo husafiri pamoja, zikikaa mbali, hutenganishwa mara nyingi. Kwa hiyo ukihesabu mara zilizotenganishwa, unapima umbali.

Kwa wanadamu, waliofanya hesabu hiyo kwanza ni Julia Bell na J. B. S. Haldane wa Uingereza, mwaka 1937. Walichunguza nyumba ambamo wanaume wengine walikuwa na hemofilia na wengine hawakuweza kupambanua nyekundu na kijani. Na ushanga wa kupambanua rangi nao uko katika X. Waliona ya kuwa mambo hayo mawili kwa kawaida husafiri pamoja, lakini si daima. Walikadiria ya kuwa hutenganishwa kama mara 5 katika 100. Basi ikiwa dalili iliyo jirani kabisa na ugonjwa katika uzi ule ule yaweza kuachana nao, sisi tutategemeaje pua na mwendo wa mtoto? Mtoto aliyefanana na mjomba aweza kuwa mzima, na aliyefanana na baba aweza kuwa mgonjwa. Kila mmoja na apimwe kwa nafsi yake.

Watu wengine watasema, haya ni maneno mapya ya vitabu. Sivyo. Walimu wa Kiyahudi waliyaona zamani sana, ijapokuwa hawakujua nyuzi wala shanga. Katika Talmudi imeandikwa habari ya dada wanne wa Sepphoris, mji ulio karibu na Nazareti. Wa kwanza alimtahiri mwanawe akafa. Wa pili vilevile. Na wa tatu vilevile. Wa nne alikwenda kwa mwalimu mkuu Shimon ben Gamliel, aliyeishi katika karne ya pili, naye akamwambia asimtahiri. Tafakarini neno hili. Kwa Wayahudi kutahiri ni amri ya agano, si desturi ya kijiji. Hata hivyo mwalimu alisikiliza vifo vya watoto wa dada zake, akaiweka amri kando kwa ajili ya uhai wa mtoto.

Nasi Wakristo tuna uhuru zaidi, kwa kuwa Mitume walipokutana Yerusalemu walikata shauri ya kuwa waaminio wa mataifa wasitwikwe mzigo wa kutahiriwa. Katika Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1926 hata 1944, hakuitupa jando; aliitia ndani ya Kanisa, yale mema yakahifadhiwa na mabaya yakaondolewa. Twaweza kuifuata njia hiyo. Heshima kwa wakubwa, uvumilivu, na kazi za mtu mzima vyaweza kufundishwa kwa mtoto ambaye kisu hakijamgusa.

Basi, wazazi, shaurini hivi nyumbani mwenu.

Kwanza, kabla ya kutoa jina la mtoto, mama na aulize kwa mama yake: ‘Wako ndugu zako, au ndugu zangu, au baba yangu, au watoto wa dada zangu, waliotokwa na damu bila kukoma?’ Baba asimwone mkewe kuwa anajishtaki. Anamlinda mtoto wake.

Pili, jibu likiwa ‘Ndiyo’, au mtoto mwenyewe akiwa na vilio vya damu na viungo vinavyovimba, asipelekwe kwenye kisu mahali popote, kumbini wala zahanati, kabla ya kupimwa. Nendeni hospitali, waelezeni waganga habari yote ya ukoo, na mwaombe barua ya kwenda mbele ikiwa hapo hakuna vipimo. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko kliniki ya ugonjwa huu. Siku hizi ipo dawa ya kumtia mgonjwa ile protini aliyopungukiwa, na mtoto aweza hata kutahiriwa akiwa chini ya ulinzi wa waganga.

Tatu, jibu likiwa ‘Hapana’, shukuruni, lakini msilale. Kama theluthi moja ya wagonjwa hawana jamaa aliyejulikana kuwa nao. Ushanga umeharibika upya. Damu isipokoma baada ya kubanwa, msingoje siku ya tatu wala msitafute mchawi. Tafuteni gari.

Nne, mtoto akijulikana kuwa mgonjwa, asipewe aspirini, maana huzidisha kutokwa damu. Chanjo zake apewe, lakini mwambieni mwuguzi kwanza, ili ajue namna ya kumchoma na kumbana. Akiumia, mbaneni jeraha kwa nguvu na mumpeleke upesi. Mwalimu asimpige, wala asimlazimishe michezo ya kugongana. Amwache asome, maana akili yake ni nzima kama ya wenzake.

Tano, msimlaumu mama. Hakuchagua uzi aliopewa, wala uzi alioutoa. Naye aliupokea kwa mzazi aliyempenda, ambaye naye hakujua.

Walimu wapenzi, kabla ya likizo zungumzeni na wanafunzi wenu wakubwa. Leteni nyuzi mbili na shanga za rangi mbili, mkate, mpishanishe, mwone wenyewe. Mtoto wa darasani atalisema jambo hili nyumbani jioni, na bibi aketiye jikoni huenda akanyamaza kidogo, kisha akamtaja kaka yake ambaye jina lake halijatajwa miaka mingi. Jina hilo moja, likitajwa kwa wakati wake, laweza kumwokoa mjukuu.

Bwana awalinde watoto wenu, waendao kumbini na wabakio nyumbani. Amina.